Bruce Lee: Mtoto wa jukwaani aliyefia mlangoni mwa ushindi

USIKU wa Julai 20, 1973, gari la wagonjwa lilitoka katika jengo moja la makazi eneo la Kowloon Tong, Hong Kong, likiwa limembeba mwanamume wa miaka 32 ambaye hakuwa na jeraha lolote mwilini. Madaktari wa Hospitali ya Queen Elizabeth walijitahidi kuyarejesha mapigo ya moyo wake bila mafanikio. Usiku huohuo ikatangazwa kwamba amefariki dunia.

Marehemu alikuwa Bruce Lee, mtu ambaye watazamaji wa sinema barani Asia waliamini kuwa hakuna mwenye mwili imara kama wake. Ngumi zake zilikuwa za kasi kiasi kwamba kamera za wakati huo zilipata taabu kuzinasa. Kwamba mtu wa namna hiyo angeweza kulala kitandani kwa sababu ya maumivu ya kichwa na asiamke tena, ni jambo ambalo mashabiki wake walishindwa kulikubali, na wapo wasiolikubali hadi leo.

Uchungu wa kifo hicho ulizidishwa na wakati kilipotokea. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 1973, filamu yake ya Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa nchini Marekani na kumfanya nyota wa dunia nzima. Ushindi alioutafuta kwa zaidi ya miaka minane ulimkuta amekwishazikwa.

Mtoto wa mwaka wa joka

Bruce Lee alizaliwa Novemba 27, 1940, katika Hospitali ya Wachina mjini San Francisco, Marekani. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji mashuhuri wa opera ya Kikantoni, na wakati huo alikuwa katika ziara ya maonyesho nchini humo akiwa na mkewe, Grace Ho, ambaye alikuwa na asili ya Kichina na Kizungu. Kwa kalenda ya Kichina, ulikuwa mwaka wa joka.

Wazazi wake walimpa jina la Lee Jun-fan. Jina la Bruce alipewa hospitalini, na kwa miaka mingi halikutumika nyumbani. Kuzaliwa kwake katika ardhi ya Marekani kulimpa uraia wa nchi hiyo, jambo ambalo lilionekana dogo wakati ule lakini baadaye likaja kuamua mwelekeo wa maisha yake yote.

Akiwa bado mchanga, alibebwa mbele ya kamera katika filamu ya Golden Gate Girl iliyopigwa San Francisco. Familia ikarejea Hong Kong mwaka 1941, na kabla mwaka huo haujaisha majeshi ya Japani yakaivamia na kuikalia koloni hiyo ya Uingereza hadi mwaka 1945. Miaka yake ya kwanza ilipita chini ya ukaliaji huo, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto watano.

Baada ya vita, kijana huyo alifuata nyayo za baba yake. Hadi kufikia umri wa miaka 18 alikuwa amekwishaonekana katika filamu zipatazo 20 za Hong Kong, mara nyingi akiigiza nafasi za watoto yatima na watukutu wa mitaani. Filamu ya The Kid ya mwaka 1950 ndiyo iliyomtambulisha zaidi. Ndipo lilipozaliwa jina lake la kisanii la Kichina, Li Xiaolong, lenye maana ya Joka Dogo.

Hivyo, tofauti na inavyodhaniwa na wengi, Bruce Lee hakuwa mpiganaji aliyeokotwa ukumbini na kutupwa mbele ya kamera. Alikuwa mtoto wa jukwaani aliyejifunza kupigana akiwa tayari anaijua kazi ya uigizaji, na mchanganyiko huo ndio uliokuja kumtenganisha na wengine wote.

Ngumi za juu ya mapaa

Hong Kong ya miaka ya 1950 ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka China Bara. Makundi ya vijana yalipambana mitaani na juu ya mapaa ya majengo, na mwana wa Lee Hoi-chuen hakubaki nyuma. Aliondoka Shule ya La Salle baada ya mwenendo wake kuwashinda walimu, akahamia Shule ya Mtakatifu Francis Xavier.

Akiwa kijana wa rika la balehe alianza kujifunza mtindo wa Wing Chun kwa mwalimu Yip Man, mzee aliyekimbilia Hong Kong kutoka mji wa Foshan. Mengi ya mazoezi yake aliyafanya na mwanafunzi mkubwa wa mwalimu huyo, Wong Shun-leung. Inaelezwa kwamba baadhi ya wenzake walipofahamu kuwa mama yake ana damu ya Kizungu walikataa kufanya naye mazoezi, kwa kuwa mila ilitaka siri za kung fu zibaki kwa Wachina peke yao.

Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Hong Kong wa dansi ya cha-cha. Wachambuzi wa mtindo wake wamekuwa wakirejea mara kwa mara kwenye dansi hiyo wanapoeleza wepesi wa miguu yake alipokuwa akipigana.

Hata hivyo, ugomvi wa mitaani haukukoma, na polisi walianza kubisha hodi nyumbani. Wazazi wake wakaamua kumwondoa. Aprili 1959, akiwa na umri wa miaka 18, alipanda meli kurudi katika nchi aliyozaliwa, akiwa na dola 100 mfukoni.

Mhudumu wa mgahawa

Baada ya muda mfupi San Francisco, alihamia Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Huko aliishi katika chumba kidogo kilichokuwa kwenye jengo la mgahawa wa Ruby Chow, rafiki wa familia, na kulipia malazi hayo kwa kuwahudumia wateja mezani. Kwa kijana aliyekuwa nyota wa sinema nyumbani kwao, haikuwa kazi aliyoipenda.

Alimaliza masomo ya sekondari katika Shule ya Ufundi ya Edison, na mwaka 1961 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington, ambako alivutiwa sana na falsafa. Wakati huohuo alianza kufundisha kung fu katika viwanja na maeneo ya kuegesha magari. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover, na mmoja wa waliomfuatia ni Taky Kimura, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani.

Jambo hilo halikuwa dogo. Kijana wa Kichina aliyekulia chini ya ukaliaji wa Japani alikuwa akimfundisha Mjapani, na mwalimu aliyewahi kukataliwa na wenzake kwa sababu ya damu ya mama yake alikuwa ameufungua mlango kwa watu wa rangi zote. Mlango huo hakuufunga tena hadi kufa kwake.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Linda Emery, msichana wa Kizungu wa Seattle. Wawili hao walifunga ndoa Agosti 17, 1964, huku familia ya bibi harusi ikiwa na wasiwasi juu ya muungano huo wa watu wa rangi tofauti. Baada ya ndoa walihamia Oakland, California, ambako Bruce alifungua shule kwa kushirikiana na James Yimm Lee, mtaalamu wa mapigano ambaye hawakuwa na undugu wowote.

Pambano lililobadili fikra zake

Mwezi huohuo wa Agosti 1964, bingwa wa karate Ed Parker alikuwa amemwalika kuonyesha ujuzi wake katika mashindano ya Long Beach. Mbele ya umati alipiga pushapu kwa kutumia vidole viwili vya mkono mmoja. Kisha akaonyesha ngumi inayotoka umbali wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu hivi, ambayo ilimrusha mtu nyuma hadi kwenye kiti kilichowekwa tayari kumpokea.

Miongoni mwa walioshuhudia alikuwamo Jay Sebring, kinyozi wa watu maarufu wa Hollywood. Ni yeye aliyempelekea habari mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, William Dozier, ambaye alikuwa akitafuta mwigizaji wa Kichina.

Kabla mwaka huo haujaisha likatokea pambano mjini Oakland, nyuma ya milango iliyofungwa, kati yake na Wong Jack Man, mtaalamu wa kung fu kutoka San Francisco. Habari za pambano hilo zinapingana. Upande wa Bruce ulisisitiza kuwa chanzo kilikuwa kitendo chake cha kuwafundisha wasio Wachina na kwamba alishinda kwa dakika chache. Upande wa pili ulikanusha yote mawili.

Jambo moja halina ubishi. Bruce Lee mwenyewe hakuridhika, kwa kuwa pambano lilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia na pumzi zilimwishia. Mtu mwingine angejivunia ushindi. Yeye alikwenda nyumbani kuhoji kila alichofundishwa.

Alianza kukimbia umbali mrefu, kunyanyua vyuma na kusoma vitabu vya ndondi na vya mchezo wa kupigana kwa vitara. Kutokana na uchunguzi huo ulizaliwa mwaka 1967 mfumo alioupa jina la Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayozuia. Msingi wake ulikuwa mpiganaji kuchukua kinachomfaa kutoka popote, kuacha kisichomfaa na kutofungwa na mtindo wowote, hata ule wa mwalimu wake.

Nyuma ya kinyago cha Kato

Februari 1, 1965 alizaliwa mwanawe wa kwanza, Brandon. Siku tatu baadaye Bruce alisimama mbele ya kamera kwa majaribio ya Dozier, na siku chache tu baada ya hapo baba yake akafariki dunia Hong Kong. Katika muda usiozidi wiki mbili alipata mtoto, akapata nafasi na akampoteza mzazi.

Matunda ya majaribio hayo yalikuwa tamthilia ya televisheni ya The Green Hornet, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1966. Humo aliigiza kama Kato, dereva na msaidizi wa shujaa wa Kizungu. Maneno yake yalikuwa machache na uso wake ulifunikwa kwa kinyago, lakini watoto wa Marekani walimwandikia yeye barua. Huko Hong Kong watu waliiita tamthilia hiyo kwa jina la Kato.

Tamthilia ilisitishwa mwaka 1967 baada ya vipindi 26. Iliyofuata ni miaka ya ukame. Alipata nafasi ndogo hapa na pale, ikiwamo ya filamu ya Marlowe ya mwaka 1969, na kubuni mapigano ya filamu za wengine. Kwa kiasi kikubwa aliishi kwa kufundisha. Wanafunzi wake wa faragha walikuwa watu wazito wakiwamo waigizaji Steve McQueen na James Coburn, mwandishi wa filamu Stirling Silliphant na mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuja kufahamika kama Kareem Abdul-Jabbar.

Wanafunzi hao walikuwa wakilipwa fedha nyingi kwa kazi ambayo mwalimu wao aliamini anaiweza. Yeye alikuwa na mke, mtoto wa pili, Shannon, aliyezaliwa Aprili 1969, na nyumba ya Bel Air aliyoinunua kwa mkopo.

Hukumu ya madaktari

Agosti 1970, akiwa katika mazoezi ya asubuhi ya kuinama na kuinuka na chuma mabegani bila kupasha mwili moto, aliumia mgongo. Madaktari waligundua kuwa mshipa wa fahamu wa sehemu ya chini ya uti wa mgongo ulikuwa umeathirika. Walimwambia kwamba hatarusha tena mateke.

Kwa mtu ambaye mwili wake ndio uliokuwa jembe lake, ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Fedha zilikuwa zimekwisha. Linda akachukua kazi ya jioni ya kupokea simu ili familia iweze kula, huku mumewe akibaki kitandani na nyumbani kuwatazama watoto.

Katika miezi hiyo alijaza madaftari kwa maandishi na michoro kuhusu mapigano. Kisha, polepole na kinyume cha ushauri aliopewa, alianza mazoezi. Alirusha mateke tena, ingawa maumivu ya mgongo hayakumwacha hadi mwisho wa maisha yake. Madaftari yale yalikusanywa baada ya kifo chake na kuchapishwa mwaka 1975 kwa jina la Tao of Jeet Kune Do.

Mwaka 1971 alisafiri hadi India pamoja na Coburn na Silliphant kutafuta mandhari ya filamu waliyokuwa wameipanga, lakini mpango ukavunjika. Wakati huohuo kampuni ya Warner Bros. ilikuwa ikiandaa tamthilia ya Kung Fu, juu ya mtawa wa Shaolin katika Marekani ya karne ya 19. Nafasi hiyo ilikwenda kwa David Carradine, mwigizaji wa Kizungu asiyekuwa na historia ya kung fu.

Familia yake imekuwa ikishikilia kwamba wazo hilo lilitokana na pendekezo la Bruce lililoitwa The Warrior, huku wengine wakieleza kuwa mswada wa Kung Fu ulikuwapo kabla. Kisichopingwa ni kwamba wakuu wa televisheni waliogopa kumweka Mchina mwenye lafudhi ya kigeni kuwa mhusika mkuu. Pendekezo lake lilibaki kabatini hadi mwaka 2019, lilipotengenezwa kuwa tamthilia ya Warrior, binti yake Shannon akiwa mmoja wa wasimamizi.

Kurudi nyumbani

Mlango ulipofungwa Hollywood, ulifunguka alikokuwa ameutoroka. Raymond Chow, aliyeondoka kampuni kubwa ya Shaw Brothers na kuanzisha ya kwake ya Golden Harvest mwaka 1970, alimpa mkataba wa filamu mbili kwa dola 15,000 za Marekani. Kwa viwango vya Hollywood zilikuwa fedha kidogo. Kwa mtu mwenye deni la nyumba, zilitosha kumpandisha ndege.

Filamu ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa katikati ya mwaka 1971 huko Pak Chong, kijiji cha Thailand chenye joto na mbu. Bruce aliigiza kama kijana mhamiaji aliyeapa kwa familia yake kutopigana, ambaye analazimika kuvunja kiapo baada ya ndugu zake kuuawa na mwajiri wao. Ilipoonyeshwa Hong Kong mwishoni mwa Oktoba 1971, ilivunja rekodi zote za mapato za mji huo kwa kuingiza dola za Hong Kong milioni 3.2.

Miezi mitano baadaye ikaja Fist of Fury. Hadithi yake ni ya Shanghai ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambako mwanafunzi wa kung fu analipiza kisasi cha mwalimu wake dhidi ya Wajapani waliokuwa wakiwadharau Wachina. Katika tukio moja, shujaa anavunja kwa teke bango la bustani linalowazuia mbwa na Wachina kuingia. Kumbi zililipuka kwa shangwe. Ikumbukwe kwamba miongoni mwa watazamaji hao walikuwamo waliouonja ukaliaji wa Wajapani wenyewe, na wote waliishi chini ya bendera ya Waingereza.

Kwa filamu ya tatu, The Way of the Dragon, hakukubali tena kuongozwa na mtu. Aliandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe na kwenda kuipiga Roma, Italia. Katika pambano la mwisho ndani ya uwanja wa kale wa Colosseum alimweka bingwa wa karate Chuck Norris, ambaye hakuwa na jina bado katika sinema. Baada ya kumuua mpinzani wake, shujaa anarudi na kumfunika kwa vazi na mkanda wake kwa heshima. Filamu hiyo ya Desemba 1972 ilivunja tena rekodi, safari hii kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni tano.

Hollywood yabisha hodi

Sasa Hollywood ndiyo iliyombishia hodi. Bruce alikuwa ameanza kupiga Game of Death, ambamo shujaa anapanda mnara akipambana na mtaalamu mmoja katika kila ghorofa, mmoja wao akiwa Abdul-Jabbar mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Aliiweka kando filamu hiyo Warner Bros. ilipomtaka kwa Enter the Dragon, filamu ya kwanza ya kung fu kutengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni kubwa ya Marekani na Hong Kong.

Upigaji picha ulianza Januari 1973 chini ya mwongozaji Robert Clouse, kwa bajeti ya dola 850,000 hivi za Marekani. Pamoja naye walikuwamo John Saxon, Mzungu, na Jim Kelly, bingwa wa karate mweusi. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakipigwa na kuangushwa alikuwamo asiyejulikana aliyeitwa Jackie Chan.

Haikuwa kazi rahisi. Bruce alivutana na waandishi juu ya hadithi, alipasuka mkono kwa chupa ya kweli iliyotumika katika pambano, na alipungua uzito hadi waliomzunguka wakaingiwa na hofu. Alifahamu kwamba hiyo ndiyo nafasi aliyoitafuta tangu mwaka 1965, na kwamba ikishindwa haitarudi.

Mei 10, 1973, akiwa katika chumba cha kurekodia sauti cha Golden Harvest kilichokuwa na joto kali, alianguka na kupoteza fahamu. Madaktari walikuta ubongo wake umevimba, wakampa dawa ya kupunguza uvimbe na akapata nafuu. Alikwenda Marekani kwa uchunguzi zaidi na kuambiwa kuwa ana afya njema. Alikuwa amebakiza wiki kumi za kuishi.

Siku ya mwisho

Mchana wa Julai 20, 1973, Raymond Chow alifika nyumbani kwake kuzungumzia Game of Death. Baadaye walikwenda katika makazi ya mwigizaji Betty Ting Pei, aliyetarajiwa kuwamo katika filamu hiyo. Jioni, Bruce alilalamika kuumwa na kichwa, akapewa kidonge cha maumivu aina ya Equagesic, akajinyoosha kitandani. Walipojaribu kumwamsha baadaye, hakuamka.

Taarifa ya kwanza kwa umma ilisema kuwa alifia nyumbani kwake. Magazeti yalipobaini kwamba haikuwa kweli, uvumi ukashika moto. Wapo waliosema alipewa sumu, wapo waliowataja majambazi wa magenge ya Kichina, na wapo waliozungumzia laana au pigo la siri la kung fu linaloua baada ya siku nyingi.

Uchunguzi wa mahakama uliofanyika Septemba 1973 ulisikiliza ushahidi kwamba ubongo wake ulikuwa umevimba kufikia gramu 1,575, wakati uzito wa kawaida ni gramu 1,400 hivi. Masalia ya bangi yaliyokutwa tumboni hayakuhesabiwa kuwa chanzo cha kifo. Hitimisho lilikuwa kifo cha bahati mbaya, maelezo yaliyopewa uzito yakiwa ni mwili wake kutopatana na viambato vya kidonge kile.

Maelezo hayo hayakuumaliza mjadala. Mwaka 2018 mwandishi wa kitabu cha maisha yake, Matthew Polly, alitoa hoja kwamba alikufa kwa kuzidiwa na joto. Mwaka 2022 kundi la madaktari bingwa wa figo likaandika kuwa huenda figo zake zilishindwa kutoa maji ya ziada mwilini. Zote zimebaki kuwa nadharia.

Baada ya jeneza

Makumi ya maelfu ya watu walijazana katika mitaa ya Hong Kong kumuaga. Linda aliamua kumzika Seattle, mji waliokutana. Miongoni mwa waliobeba jeneza katika makaburi ya Lake View walikuwamo Steve McQueen na James Coburn, wanafunzi ambao umaarufu wao ulikuwa kipimo alichokuwa akikikimbiza.

Wiki chache baadaye aliwapita. Enter the Dragon iliingiza mamilioni ya dola na kuanzisha wimbi la sinema za kung fu lililofika kila bara. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake kwa taifa hilo.

Katika miji ya Afrika Mashariki, kumbi za sinema za Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi zilimpokea kama mwana wa nyumbani. Kwa vijana wa nchi zilizotoka kuupata uhuru, stelingi asiye Mzungu, mwembamba, asiye na bunduki, aliyewachapa wenye nguvu na dharau, alikuwa jambo jipya. Baadaye mabanda ya video yaliirithisha sura hiyo kwa kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa alipofariki.

Wafanyabiashara wa filamu nao hawakusubiri. Waliibuka waigizaji wenye majina kama Bruce Li na Bruce Le, na mwaka 1978 Game of Death ilikamilishwa kwa kutumia watu waliofanana naye. Picha halisi alizozipiga mwenyewe zilichukua sehemu ndogo tu ya filamu hiyo.

Mwanawe Brandon alifuata kazi ya baba. Machi 31, 1993, akiwa anapiga filamu ya The Crow huko Wilmington, North Carolina, alifariki baada ya kupigwa na kipande cha risasi kutoka kwenye bastola iliyodhaniwa kuwa salama. Alikuwa na miaka 28, na kama baba yake, hakuishi kuiona filamu iliyompa jina.

Novemba 2005, Bruce Lee alipokuwa angetimiza miaka 65, sanamu mbili zake zilizinduliwa kwa siku mbili mfululizo. Moja ilisimamishwa ufukweni Hong Kong. Nyingine ilisimamishwa Mostar, mji wa Bosnia uliogawanywa na vita, ambako waandaaji walieleza kuwa walimtafuta shujaa ambaye Waserbia, Wakroati na Waislamu wote walimpenda walipokuwa watoto, wakamkosa mwingine.

Makaburi ya baba na mwana yamekaa bega kwa bega mlimani Seattle, si mbali na chuo kikuu alichosoma yule mhudumu wa mgahawa. Zaidi ya nusu karne imepita, na wageni wangali wanapanda kilima hicho na kuacha maua na sarafu. Wengi wao walizaliwa baada ya Julai 20, 1973.